Karatasi Hii Inalipiwa na Nani?

Hotuba kwa wanahabari vijana, juu ya magazeti, runinga na siasa nchini India

Mwenyekiti wa kikao, walimu wangu niliowakuta hapa, ndugu zangu wa vyumba vya habari, na nyinyi wanangu mnaoingia kazini mwezi ujao: itifaki imezingatiwa. Assalaam alaykum, na Bwana Yesu asifiwe.

Nimeombwa nizungumzie vyombo vya habari na siasa. Nikawaomba walionialika wanikubalie niizungumzie India, nao hawakuninyima. India ni kubwa. Kwa uchaguzi wa 2024 waliandikishwa wapiga kura karibu milioni 968, wakapiga kura zaidi ya milioni 640, kwa awamu saba, kuanzia tarehe 19 Aprili mpaka tarehe 1 Juni. Magazeti na majarida yaliyosajiliwa huko yamepita 100,000. Vituo vya runinga vya habari peke yake vinazidi 350. Lolote linaloweza kupita kati ya mwandishi na mwanasiasa, kule limekwisha kupita, na mara nyingi lilipita kabla halijatufikia sisi. Tena ndiko nilikolipatia swali ambalo nimelibeba tangu siku ile, na leo nataka nilitue mbele yenu.

Agosti 2018 nilikuwa Chennai, namuuguza mama. Safari hizi mnazijua. Ni nadra kupata ukoo hapa usio na mtu aliyepelekwa India kwa moyo au figo. Mama alikuwa ameshapasuliwa, tunasubiri daktari aseme tunaweza kurudi. Tarehe 7 jioni akafariki mzee M. Karunanidhi, aliyekuwa waziri kiongozi wa jimbo la Tamil Nadu mara tano. Yule alikuwa mtu wa kalamu kabla hajawa mtu wa vyeo: aliandika hadithi za filamu, na gazeti la Murasoli alilianzisha mwenyewe akiwa kijana mdogo, mwaka 1942. Mji ukafunga. Maduka yalishusha milango, mabasi yakapungua barabarani, hata kibanda cha chai cha ng'ambo ya hospitali kikafungwa. Tukabaki na runinga ya wodini.

Kijana mmoja aliyekuwa akimuuguza baba yake kitanda cha pili ndiye aliyeshika rimoti. Akaniuliza kwa Kiingereza, "Dada, nikuwekee ya nani?" Nilidhani anauliza lugha. Nikamjibu yoyote, maana Kitamil sikijui. Akasema hapana, yeye anauliza ya nani, mwenyewe nani. Akaanza kunionyesha moja baada ya nyingine. Hii Sun TV, ilianza 1993, mwenyewe ni Kalanithi Maran, mtoto wa mpwa wake marehemu. Hii Jaya TV, ilianza 1999, imebeba jina la Jayalalithaa, hasimu mkubwa wa marehemu, ambaye naye alikuwa amefariki Desemba 2016. Hii Kalaignar TV, ilizaliwa 2007, mwaka ambao marehemu alikosana na wajukuu zake, huyo Kalanithi na ndugu yake, na chama chake cha DMK kikajikuta hakina runinga. Na nyaya zinazoingiza picha majumbani, je? Sehemu kubwa zilikuwa za kampuni ya wajukuu walewale. Ugomvi ulipowaka, serikali ya jimbo ikaunda kampuni yake ya nyaya. Jayalalithaa alipoingia madarakani 2011 akaifufua, akaitumia yeye. Yaani picha ina mwenyewe, na waya unaoileta nao una mwenyewe.

Mama alikuwa kimya muda wote ule, macho kwenye dari. Akaniambia nimuulize: sasa yeye mwenyewe akitaka kujua kweli, anakwenda wapi? Kijana akacheka kidogo, akasema vibanda vikifunguliwa atanionyesha.

Siku ya pili yake alinipeleka kwenye kibanda cha chai. Magazeti yalikuwa yamening'inizwa kwa kamba kama nguo zilizoanikwa. Lililosomwa zaidi ni Dina Thanthi, gazeti lililoanzishwa mwaka huohuo wa 1942 kwa Kitamil chepesi, cha mtu wa shamba na mtu wa sokoni. Nakala moja ilikuwa imepasuliwa karatasi karatasi: mzee mmoja ana ukurasa wa kwanza, dereva wa bajaji ana wa michezo, kijana mwingine ana matangazo ya kazi, na mzee wa nne hasomi kabisa, anasomewa. Wakimaliza wanabadilishana. Mkinitazama nyusoni naona mnajua ninachosema. Ni kijiwe cha kahawa cha Tanga au cha Mji Mkongwe kabisa. Nikauliza bei ya gazeti. Lilikuwa rahisi kuliko kikombe cha chai nilichoshika.

Nilikaa na kile kikombe nikafanya hesabu. Mimi nimefanya kazi magazetini, najua bei ya karatasi, ya wino, ya dizeli ya gari la usambazaji. Nakala inayouzwa chini ya bei ya chai haijalipiwa na anayeisoma. Kuna mtu mwingine amelipa. Ni nani, na kwa malipo yake amenunua nini?

Serikali za India, moja baada ya nyingine, zilianza na njia iliyo wazi: kumfunga mwandishi. Gazeti la kwanza kuchapwa kule, Hicky's Bengal Gazette la Kolkata, lilitoka 1780; mwenyewe akafungwa kwa kumwandama Gavana Mkuu Warren Hastings, akaendelea kuandika akiwa gerezani, na 1782 wakamnyang'anya mtambo. Mwaka 1878 Waingereza wakatunga sheria ya kuyabana magazeti ya lugha za wenyeji, wakayaacha ya Kiingereza. Amrita Bazar Patrika la Kibengali likajigeuza gazeti la Kiingereza mara moja ili sheria isiliguse. Bal Gangadhar Tilak, mwenye Kesari la Kimarathi, alihukumiwa miaka sita mwaka 1908 na kupelekwa Mandalay, Burma. Gandhi naye, Machi 1922, alipewa miaka sita kwa makala zake katika Young India, kwa kifungu kilekile cha uchochezi. Na mbegu hiyo ilivuka bahari ikatufikia: Nairobi, mwaka 1933, Girdhari Lal Vidyarthi alianzisha Colonial Times, na chini ya mkono wake likatoka pia gazeti la Kiswahili, Habari za Dunia. Yeye naye alifungwa na serikali ya kikoloni kwa yale aliyoyachapa. Msidhani hii ni habari ya mbali.

Ila kuna mwaka mmoja nataka tukae nao, nao ni 1975.

Tarehe 12 Juni 1975 Jaji Jagmohanlal Sinha wa Mahakama Kuu ya Allahabad alitengua ushindi wa Waziri Mkuu Indira Gandhi katika jimbo lake la Rae Bareli. Usiku wa tarehe 25 ikatangazwa hali ya hatari. Kuna mtaa Delhi unaitwa Bahadur Shah Zafar Marg, na magazeti mengi makubwa yalikuwa pale, jengo kwa jengo. Usiku ule umeme ulikatwa mtaa mzima. Vuteni picha ya chumba cha mitambo: kurasa zimeshafungwa, mafundi wamevaa maovaroli, mtambo unanguruma, mara unanyamaza. Mtaani asubuhi wasomaji wengi hawakupata gazeti, na wengine hawakujua hata kwa nini hawakupata.

Waliporudishiwa umeme walikuta wamepewa mkaguzi. Kila habari ipite kwake. Ndipo Indian Express, tarehe 28 Juni, likachapisha nafasi ya tahariri ikiwa nyeupe, haina neno. Na gazeti moja la Mumbai lilitoa, kwenye ukurasa wa matangazo madogomadogo, tangazo la tanzia. Lilikuwa tangazo dogo kama yale tunayoyalipia hapa sote tukifiwa. Marehemu alikuwa mume mpendwa wa fulani, baba wa fulani, ndugu wa fulani. Lakini ukiyasoma yale majina kwa Kiingereza unaona marehemu ni Demokrasia, mjane ni Ukweli, mtoto ni Uhuru. Karani wa matangazo alilipokea, mkaguzi hakuliona, msomaji aliliona. Nimefanya kazi hii miaka mingi, na sijaona mistari michache iliyonigusa kama ile.

Mamlaka zikaelewa upesi. Katika masharti waliyopewa wahariri likawekwa hili: marufuku kuacha nafasi nyeupe. Nafasi tupu tu, isiyo na herufi, ikawa kosa. Kwa sababu nafasi nyeupe inasema. Inamwambia mzee wa kijiweni: hapa palikuwa na kitu, na kuna mkono umekiondoa.

Wengi hawakukaidi hivyo. Mwandishi Kuldip Nayar alikamatwa, na wengine pamoja naye, lakini magazeti mengi makubwa yalitii, na baadhi yalitii kuliko yalivyoagizwa. Mashirika manne ya habari yakaunganishwa kuwa moja, likaitwa Samachar. Matangazo ya serikali yakaondolewa kwa yaliyokuwa makaidi. Machi 1977 uchaguzi ulifanyika, Indira Gandhi akashindwa hata jimboni kwake, na hali ya hatari ikaondolewa tarehe 21 mwezi huohuo. Waziri mpya wa habari akawa L. K. Advani, ambaye yeye mwenyewe alikuwa amewekwa ndani kipindi kile. Aliwaambia waandishi neno ambalo bado linawachoma: mliambiwa muiname tu, nyinyi mkatambaa.

Nimeutaja ukurasa ule mweupe kwa makusudi, maana nilipoanza kuisoma India ya leo niligundua kwamba kinachotisha zaidi ni kwamba weupe ule haupo tena. Kurasa zimejaa. Runinga inazungumza saa 24, wageni wanane kwa mpigo, kila mtu ndani ya kisanduku chake, mtangazaji akiwapigia kelele wote. Ukitafuta palipokatwa hupaoni.

Fedha haiachi alama, ndiyo maana. Mkaguzi wa 1975 alikuwa na kalamu nyekundu na kiti ofisini kwako. Anayelipa hahitaji kiti.

Tuanze na serikali yenyewe. India tangu 1955 ina ofisi maalumu ya kugawa matangazo ya serikali kuu magazetini, na majimbo yana zake. Kwa gazeti dogo la wilayani, lenye bei chini ya chai, tangazo la zabuni ya barabara ndilo mshahara wa mwezi. Hakuna haja ya kulifungia. Lichelewesheeni ankara miezi minne, mhariri atakuja mwenyewe. Kashmir, Februari 2019, matangazo ya serikali yalisitishwa kwa magazeti mawili, Greater Kashmir na Kashmir Reader. Kilichofuata sikujua kama ningekiona enzi hizi: tarehe 10 Machi magazeti kadhaa ya Srinagar yalitoka na ukurasa wa kwanza mtupu. Waliurudisha ukurasa wa 1975. Walitaka msomaji aione ile ankara, maana kwa kawaida haonyeshwi.

Kisha kuna mwanasiasa anayelipa kutoka mfukoni mwake. Sisi hapa tunajua bahasha. Mwandishi anakwenda kwenye mkutano, anapewa "nauli", anaandika. Ni aibu yetu na tuiseme. Lakini kwenye uchaguzi wa 2009 India ilivuka bahasha ikafika mahali pengine: bahasha haikupewa tena mwandishi, ilipewa kampuni. Mgombea alipangiwa bei. Kiasi hiki, utaandikwa kila siku. Kiasi hiki, mpinzani wako hataonekana kabisa. Mwandishi P. Sainath alionyesha kutoka Maharashtra makala za kumsifu mwanasiasa mmoja zilizotoka katika magazeti tofauti, yanayoshindana sokoni, zikifanana neno kwa neno, na majina ya waandishi yakiwa mbalimbali. Mhariri yeyote hapa anajua maana yake. Watu wawili hawawezi kuota ndoto moja mpaka kwenye mkato na nukta.

Baraza la Habari la India likaunda kamati ya watu wawili. Wakahoji, wakaandika ripoti ndefu yenye majina, mwaka 2010. Baraza likatoa ufupisho wake. Ripoti kamili ilikuja kuonekana hadharani mwaka uliofuata, kwa amri ya tume inayosimamia sheria ya haki ya kupata taarifa. Na Oktoba 2011, kwa mara ya kwanza, mwakilishi mmoja wa bunge la jimbo la Uttar Pradesh alivuliwa nafasi yake kwa kutoonyesha gharama ya habari za kununuliwa kwenye hesabu zake za kampeni. Naitaja kwa heshima, kwa sababu ilithibitisha kwamba jambo hili linaweza kushikika likifuatwa kwa risiti.

Sasa niende kwa mwenye mali, na hapa ndipo penye uzito zaidi. Mwaka 2014 Reliance, kampuni kubwa ya mafuta na simu, ilichukua Network18 yenye vituo vingi vya runinga. Mwishoni mwa 2022 kundi la makampuni la Adani likachukua runinga ya NDTV. Jina hilo mnalijua: Mei 2024 kampuni yake ya bandari ilitia saini mkataba wa miaka 30 wa kuendesha gati la makontena la pili hapa Dar es Salaam, na Novemba mwaka huohuo Kenya ilifuta mpango wa kundi hilo kwenye uwanja wa ndege wa Nairobi. Sizungumzii kama mikataba hiyo ni mizuri au mibaya. Nazungumzia kitu kimoja: mtu mwenye bandari, viwanja vya ndege na makaa ya mawe anaishi kwa vibali vya serikali, kila siku, vikubwa na vidogo. Akiwa na runinga pia, waziri hana haja ya kumpigia simu. Mwenye mali anaijua hasara kabla hajaambiwa, mhariri wake anaijua, na mwandishi wa mwezi wa kwanza anaijifunza kwa kuona habari zipi zinakwama. Na wenye magazeti walikuwa na viwanda vya nguo na vya magunia ya jute tangu zamani; Indira naye aliwajulia hapohapo.

Ravish Kumar, mtangazaji wa Kihindi wa NDTV aliyepewa tuzo ya Ramon Magsaysay 2019, alijiuzulu tarehe 30 Novemba 2022. Yeye ndiye aliyeeneza lile jina "godi media". Godi ni mapajani, pale mtoto anapopakatwa. Vyombo vya kupakatwa. Nalipenda jina hilo kwa sababu halisemi kwamba mtoto amefungwa kamba. Mtoto aliyepakatwa anashiba, amepata joto, na hana sababu ya kushuka.

Waziri Mkuu Narendra Modi, tangu 2014, hajafanya mkutano wa wazi wa peke yake na waandishi nchini mwake akajibu maswali. Mei 2019 aliketi kwenye mkutano wa chama, maswali akajibu mwenzake. Juni 2023, Washington, alijibu moja la mwandishi wa Kimarekani akiwa na Rais Biden. Badala yake ana kipindi chake cha redio cha kila mwezi, Mann Ki Baat, maneno ya moyoni, kilichoanza tarehe 3 Oktoba 2014 kwenye redio ya taifa. Na hapa nyinyi watu wa redio za jamii mnisikilize vizuri, kwa sababu hamtaamini. India ilipofungua masafa ya FM kwa watu binafsi iliwakataza kutengeneza habari zao wenyewe. Muziki sawa, soga sawa; habari, warushe za redio ya taifa. Nchi yenye magazeti 100,000, na redio, chombo kinachomfikia asiyejua kusoma, imewekewa kizuizi hicho na kila chama kilichopita Delhi. Chama cha Congress kilikikuta kikakiacha, chama cha BJP, cha Modi, kilikikuta kikakiacha. Kwa hiyo tusije tukaondoka hapa tukidhani ni ubaya wa mtu mmoja. Waliofungwa 1975 wamekuja kutawala, na mlango wa wasioweza kusoma wameuacha ulivyokuwa.

Matokeo yake mliyaona Juni 2024. Tarehe 1, kura ya mwisho ilipopigwa, runinga kubwa zikatoa makisio: muungano wa Modi utapata viti zaidi ya 350 kati ya 543. Siku tatu wakasherehekea makisio hayo. Tarehe 4 kura zikahesabiwa: muungano 293, na BJP yenyewe 240, chini ya wingi wa kutawala peke yake. Mamilioni ya watu walikuwa na jambo moyoni, na studio zile zote hazikulisikia. Unapolipwa kutosikia, mwishowe masikio yenyewe yanakufa.

Nani aliwasikia? Wapo, na nataka muwajue.

Mirzapur, Uttar Pradesh, Agosti 2019. Pawan Jaiswal, mwandishi wa gazeti dogo la Kihindi, aliingia shule ya msingi ya kijiji saa ya chakula cha mchana. Sheria inasema watoto wapate nafaka, dengu, mboga. Alichokirekodi kwa simu ni watoto wamekaa chini kwa safu, kila mmoja na chapati kavu, na mkono wa mtu mzima unapita ukimwekea kila mtoto chumvi pembeni ya sahani. Chapati kwa chumvi. Video ilisambaa nchi nzima. Maofisa wa wilaya wakamfungulia Jaiswal mashtaka ya kula njama ya kuichafua serikali, na mkuu wao akahoji mwandishi wa gazeti alikuwa akirekodi video ya nini, si angepiga picha tu. Desemba polisi wakamsafisha. Lakini uoneni ukubwa wa kitu chenyewe: chumvi. Hakuna kamera ya Delhi ambayo ingekwenda kuitafuta.

Chitrakoot, jimbo hilohilo, tangu 2002 kuna gazeti la Khabar Lahariya, linaloendeshwa na wanawake wa vijijini, wengi wao Wadalit, watu waliowekwa chini ya kila tabaka. Waliandika kwa lahaja ya nyumbani, wakauza wenyewe kwa miguu, kisha wakahamia kwenye video za simu. Visima, pampu mbovu, ubakaji ambao polisi hawakuuandika. Na Machi 2024, Mahakama ya Juu ilipolazimisha benki itoe orodha ya waliokuwa wakivichangia vyama kwa siri kupitia hati fungani za uchaguzi, vyumba vidogo vya habari vya mtandaoni, Newslaundry, Scroll na The News Minute, viligawana mafungu, vikayachambua pamoja. Vinapokea michango ya wasomaji wao. Niliposoma kazi ile nikakumbuka kikombe changu cha chai.

Sitaki kuwadanganya kwamba hawa wako salama. Gauri Lankesh, mhariri wa gazeti la wiki la Kikannada ambalo halikuchukua matangazo, alipigwa risasi mlangoni kwake Bengaluru tarehe 5 Septemba 2017. Mukesh Chandrakar wa Chhattisgarh, aliyeripoti ubovu wa barabara iliyojengwa kwa zabuni ya serikali, alitafutwa siku mbili za mwanzo wa Januari 2025, tarehe 3 mwili wake ukakutwa kwenye shimo la maji taka. Siddique Kappan, mwandishi mwingine, alikaa ndani zaidi ya miaka miwili kwa safari ya kwenda kuripoti ubakaji na kifo cha binti wa Kidalit huko Hathras. Mfuko ukishindwa, mikono ya zamani inarudi.

Nimalizie na jambo langu, kwa sababu mmoja wenu aliniuliza pale mlangoni afanye nini mhariri akimwambia habari hii haiendi.

Mwaka 2004 niliandika habari ya kiwanda kilichokuwa kikimwaga maji machafu mtoni. Nilikuwa na picha za samaki waliokufa, nilikuwa na kina mama watatu wenye watoto wenye vidonda. Kiwanda sikitaji, gazeti silitaji. Ukurasa wa tatu ulikuwa umeshapangwa. Saa kumi jioni meneja wa matangazo akaingia chumba cha habari na karatasi mkononi, akaongea na mhariri dakika tano, wima. Saa moja usiku mahali pa samaki wangu palikuwa na picha ya timu ya mpira ikishuka kwenye basi. Ilikuwa picha nzuri tu. Asubuhi hakuna msomaji hata mmoja aliyejua.

Sikujiuzulu. Nilikuwa na watoto wawili shuleni na kodi ya nyumba. Nilichofanya usiku ule ni kununua daftari la shule, kurasa 96, nikaandika: tarehe, saa, kichwa cha habari, aliyeingia, alichosema, kilichowekwa badala yake. Nimeliendeleza mpaka nilipostaafu. Yako madaftari manne sasa. Hili hapa ndilo la kwanza. Lina habari 31 ambazo hazikutoka. Kumi na tisa kati yake, upande wa "nani aliingia", nimeandika neno "matangazo". Habari ya mto ilikuja kutoka miaka mitatu baadaye, kwenye gazeti jingine, kwa jina la kijana niliyempa nakala ya ukurasa huu.

Nitaliacha hapa mezani mpaka jioni. Mnaotaka, njoni mlifungue.